Jina la Salvina

Wageni wakija Rau kuitazama shule ya Mwalimu Aikande, hawaishi kumsifu. Kaacha kazi ya serikali, kageuza banda la ng'ombe kuwa darasa, kakusanya watoto waliofukuzwa kwingine kwa kukosa sare. Akisifiwa hivyo, yeye huinamisha kichwa. Watu husema ni mnyenyekevu. Unyenyekevu gani! Ni aibu tupu, na anajua ilikotoka.

Mwaka 1986 alikuwa akifundisha darasa la nne katika shule ya kijiji, ana ulimi mkali na anajivunia ulimi huo. Salvina, binti wa mjane aliyepika mbege nyumbani ili wanawe wale, alikuja asubuhi moja sare yake inanuka pombe. "Wewe Mbege, kaa nyuma huko," Mwalimu akasema. Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka nalo. Wiki haikuisha, Salvina akaacha shule. Mwalimu hakwenda hata kumuulizia.

Shule ya Rau aliifungua miaka minane baadaye kwa sababu ya aibu hiyo, na hakuna mgeni aliyewahi kuambiwa.

Mwaka 2001 akasikia kwamba Salvina anauza ndizi sokoni Kwa Sadala. Akakata jani la isale, lile ambalo Mchagga aliyekosa humpelekea aliyemkosea na ambalo halikataliwi. Akalificha ndani ya kanga kama kitu cha wizi.

Sokoni akauliza, "Jamani, Salvina yuko wapi?"

Wauza ndizi wakatazamana. "Salvina? Hapa hatuna Salvina, mama."

Akawatajia umri wake, akawatajia kijiji. Wakatikisa vichwa. Hapo akaelewa. Kumbe lile jina lilitoka darasani likamfuata mwenzie mpaka huku.

"Mbege," akasema kwa sauti ndogo.

"Aa, Mbege! Si huyo nyuma yako?"

Mwanamke aliyejitwika mkungu wa ndizi alikuwa amesimama akimtazama. "Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu akanyoosha jani kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka. Salvina akatua mkungu, akalipokea, maana isale ni isale.

"Nimepokea, Mwalimu. Ila siku ile ulisema kwa sauti, kila mtu akasikia." Akawanyooshea mkono wauza ndizi wenzake. "Na leo waambie hawa naitwa nani. Kwa sauti ileile."

Mwalimu Aikande, ambaye tangu aanze kufundisha hajawahi kupungukiwa sauti, ilibidi ajaribu mara tatu.