Firigisi ya Bata Mzinga

Mdogo wangu wa Igowole ana tabia ya kutuma vitu badala ya kuja mwenyewe. Safari ile alituma bata mzinga, mzima, mzee, mwenye hasira, kafungwa miguu ndani ya kiroba. Tangu nimchukue baba nimlete Mbeya baada ya mazishi ya mama, mdogo wangu hakuwahi kuuliza nani anafua mashuka.

Baba alikuwa hali chakula. Uji alionja tu, chai aliiacha ikapoa. Alisema kila kitu mdomoni kwake ni kama maji. Alikonda hadi saa ikaanza kumteleza mkononi, nami nikawa na hofu kwamba nimemtoa kwake ili aje kufia kwangu, huku mtaa wa Soweto, Mbeya. Nilikuwa nimechoka. Nisidanganye, hata yeye nilikuwa nimemchoka.

Nyama ya bata yule hata ungeichemsha hadi Pasaka isingelainika, na baba meno yake ni ya kuhesabu. Binti yangu, aliyekuwa nyumbani likizo, ndiye aliyesema, “Mama, si tumsage tu? Tutengeneze baga. Babu hatapata shida kutafuna.”

Basi bata akachinjwa, tukamchambua mifupa, tukafunga mashine ya kusagia kwenye ukingo wa meza, tukapokezana kuzungusha mpini. Nyama ya bata mzinga haina mafuta, inameguka ovyo, kwa hiyo nikatia yai na chenga za mkate. Kitunguu saumu, tangawizi, bizari. Pilipili kichaa niliitwanga bila huruma. Kama chakula ni maji, nilijisemea, leo maji yatawaka.

Tulikaanga, tukapasua skonzi, tukapanga. Nilimwekea baba sahani mezani. Akaitazama, akafunua skonzi kwa kidole, akaifunika.

“Mama,” akaniita, maana ndivyo anavyoniita, “firigisi yangu iko wapi?”

Kwetu firigisi ni ya baba. Mtoto haigusi, mwanamke haigusi, na nyumba inayomnyima mzee firigisi imeshamzika. Lakini kwangu tunaishi wanawake wawili. Firigisi haina mwenyewe, ya kuku huwa namtupia paka. Siku ile, kwa uchovu, niliitumbukiza kwenye mashine pamoja na nyama.

“Nimeisaga, baba. Imo humo humo.”

“Kwenye ipi?”

“Kwenye zote.”

Akamgeukia binti yangu, aliyekuwa kajaza mashavu. “Kwa hiyo na huyu anakula firigisi?”

Mtoto akaacha kutafuna. Mimi nilisimama na mwiko mkononi, nikingoja sahani isukumwe. Ingesukumwa, ningelia pale pale, na sidhani kama ningenyamaza upesi.

Baba akaichukua baga kwa mikono yote miwili, akang’ata. Akakohoa, machozi yakamtoka, akafuta pua kwa leso.

“Inawasha,” alisema. Akang’ata tena.

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Pilipili angalau haikuwa maji.

Alikula taratibu, kisha akasema bila kututazama, “Mama yako alikuwa anaipenda sana.”

“Baga, baba?”

“Baga ameijulia wapi? Firigisi. Nilikuwa namwachia nusu chini ya ugali. Anaondoa sahani, anaenda kuilia jikoni.”

Miaka yote ile nilimwona mama akiwahi kuondoa sahani ya baba, hataki mtoto yeyote amsaidie. Nilidhani ni heshima. Kumbe alikuwa anafuata chakula chake.

Baba akaimega baga iliyobaki, akanisogezea nusu.

“Kaa chini, mama. Tangu asubuhi umesimama.”

Niliweka mwiko mezani. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikakaa, nikala.