Kopo la Bwanausi

Siku hizo mtaa wa Dunda haukuwa na fundi redio mwingine. Bwanausi alijifunza kazi jeshini, huko Burma, akarudi Bagamoyo na mita moja ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu alichokipasha kwa makaa, na sifa iliyomtangulia: akisema redio imekufa, imekufa.

Mwaka 1954 alisema hivyo, mbele ya watu barazani, juu ya redio ya Bi Zeyana binti Sheha, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mita ilionyesha umeme hauifikii ipasavyo vali, ile taa ya kioo ya ndani ya redio. Koili, ule msokoto wa waya, imeungua, akamwambia, na nyingine haipatikani. Bi Zeyana hakubisha. Akaagiza seremala aje Jumamosi, ang'oe matumbo ya redio na kuligeuza sanduku kuwa kasha la udi.

Jumatano Bwanausi alikuwa akichezea redio yake iliyo nzima, taarabu inaimba. Kila alipogusisha ncha ya mita kwenye vali, sauti ilizama. Akiiondoa, sauti hurudi. Mkewe, Mwaija, akasema kutoka uani, "Muache mwenzio aimbe. Kila ukimgusa unamkaba koo."

Bwanausi akaiweka mita chini. Kumbe mita ndiyo iliyokuwa ikiunywa umeme mdogo iliokuja kuupima. Basi na ile ya Bi Zeyana je?

Siku mbili hakutoka. Alichomoa vali kwenye mtambo mbovu wa jeshi, akaifunga ndani ya kopo la maziwa, ikae kati ya ncha na mita. Vali iuonje tu umeme wa redio. Nguvu ya kusukuma mshale itoke kwenye betri za kopo lenyewe. Akajaribu. Safari hii mwimbaji hakukatizwa hata pumzi.

Ijumaa baada ya swala akaenda kwa Bi Zeyana. Angeweza kudai amepata koili Dar es Salaam, na nani angejua? Lakini baraza ilikuwa imejaa watu wale wale waliomsikia akisema imekufa.

"Shikamoo, Bi Zeyana. Redio yako haikufa. Nilikosea mimi."

"Marahaba. Yaani ulikwishamzika, naye yu hai?"

Baraza ikaangua kicheko. Bwanausi akainamia kazi. Kwa kopo, vali ilionekana kupata umeme wake wote, na koili ilikuwa nzima. Kilichokatika ni waya wa spika, ulioliwa na chumvi ya pwani. Akaulehemu.

Sauti ilipotoka, kicheko kilikoma. Bi Zeyana akanyoosha mkono akaipunguza kidogo, kama alivyofanya mumewe kila alipotaka kuzungumza naye.