Tovuti Iliyonizika Kabla ya Saa Tatu

Mpaka leo nikiingia korti ya Nyeri kuna karani mmoja ananiambia "karibu tena duniani," na mimi nacheka naye tu, kwa sababu nikikasirika itakuwa mbaya zaidi. Wacha basi niwaeleze mwenyewe, maana kila mtu anaieleza vile anataka, hata Nanyuki nimesikia ati nilitoka mochari nikitembea.

Mimi ni wakili mdogo, ofisi yangu ni chumba kimoja juu ya duka la mbolea, na nilikuwa nimechoka kuona wenzangu wote wako na tovuti na mimi niko na kibao kwa ngazi, tena kimezibwa na magunia. Nikamwendea Mureithi, yule anachapisha vijitabu vya mazishi, vile vya picha ya marehemu na historia ya maisha yake (na kazi yake ni safi, hiyo siwezi kukataa). Akaniambia siku hizi anatengeneza hata tovuti. Basi nikampa picha yangu na historia yangu, nikamwambia kitu kimoja tu.

"Mureithi, sisi mawakili haturuhusiwi kujipigia debe. Nataka kitu cha heshima. Hakuna rangi za kelele, hakuna kuonyesha meno."

"Heshima niachie mimi," akasema.

Nikamwachia. Akaandikisha tovuti kwa jina lake kwa sababu mimi nilikuwa nakimbia kortini, neno la siri akabaki nalo yeye, na nikamwambia akimaliza aifungue tu, nitaiona baadaye. Wakili mzima, mtu anayesomea wengine mikataba mpaka wanasinzia.

Aliifungua jioni, na kesho yake asubuhi nilikuwa na kesi ya Cucu Wairimu (cucu ndiyo nyanya kwa Kikuyu). Huyu ni mjane kutoka Tetu, mtoto wake wa kambo alitaka kuuza shamba analoishi cucu, na amri ya korti ya kuzuia huo uuzaji ilikuwa inaisha siku hiyo hiyo. Isipoongezwa, cucu anatoka. Usiku wa kuamkia kesi alinipigia akiwa na wasiwasi nikiwa Timau kwa dada yangu, nikamwambia, "Cucu, lala. Mimi hata nikifa nitakuja." Kisha simu ikazima chaji, na chaja nilikuwa nimeiacha Nyeri.

Asubuhi nikafika kortini nimechelewa kidogo, saa tatu imeshapita. Askari wa lango akaangalia gari yangu, akaniangalia mimi, akarudi kwa kibanda chake akafunga mlango (nikasema huyu amekunywa). Nikajifungulia mwenyewe, nikakimbia, nikaingia kortini kwa mlango wa nyuma, nikakuta watu wamesimama wameinamisha vichwa, hata hakimu. Nikasimama pia nikainamisha changu, ndiyo adabu, halafu nikamnong'oneza mama aliyekuwa karibu nami, "Nani ameaga?"

"Ni wakili wa Cucu Wairimu," akasema bila kufungua macho. "Habari imetumwa kwa makundi yote ya kanisa."

Sasa mniskize vizuri, kitu ya kwanza niliskia ni hasira. Ati cucu alikuwa na wakili mwingine na hakuniambia.

Halafu Githaiga, wakili wa yule mtoto wa kambo, mtu ambaye hata salamu hatupeani, akaanza kuongea kwa sauti ya kanisani. "Mheshimiwa, Nyambura alikuwa mkali kuliko wakili yeyote niliyepambana naye kwa kesi za mashamba." Sasa, Nyambura ni mimi. Na lazima nikubali, nilimwacha aendelee kidogo, maana sijawahi kusifiwa hivyo. Lakini akamalizia, "Kwa heshima yake, naomba kesi iahirishwe, na ile amri iachwe iishe."

Nikapaza sauti kutoka nyuma. "Mheshimiwa, napinga."

Yule mama karibu nami akaketi chini, si kwa benchi, chini kabisa. Hakimu akavua miwani akaivaa tena. "Wakili, korti imeshaandika kwamba umefariki."

"Naomba iandikwe kwamba hilo pia napinga."

Amri iliongezwa. Githaiga akaomba yale maneno yake mazuri yafutwe, hakimu akakataa. Pale nje karani akanionyesha kwa simu yake kile kilichotumwa kwa makundi, tovuti yangu mpya: picha yangu nyeusi na nyeupe ndani ya duara, maua meupe chini, pazia la zambarau, "Safari ya Maisha ya Wakili Nyambura." Nikaazima simu nikampigia Mureithi aitoe. Alikuwa Kagio, kwa mazishi, neno la siri liko dukani na duka amefunga. "Lakini wewe si ulisema heshima?" akaniuliza. Kwa hivyo nilibaki marehemu mpaka jioni, nikipokea pole za kifo changu mwenyewe kutoka kwa wauza viazi.

Tovuti sasa ni yangu kwa jina langu, na kwa picha ninacheka mpaka magego. Lakini kiapo nilichokula baada ya hapo si cha tovuti. Siku hiyo, wote wakinililia, cucu peke yake hakulia. Alikuwa ameketi mbele na kibeti chake kwa mapaja, na kando yake ameniwekea nafasi. Nilipomuuliza kama hakuwa amesikia nimekufa, akanishangaa.

"Nilisikia," akasema. "Lakini wewe si uliniambia hata ukikufa utakuja?"

Sitawahi tena kumwambia mteja maneno hayo. Wako watu wanayashika.