Ushuhuda Uliokatizwa kwa Pambio

Nauza mahindi Kitale, na mdomo wangu hauna breki. Kabla ya saratani ya titi niliutumia vibaya: gunia lenye unyevu nililiapia kuwa limekauka, huku nikimtazama mteja machoni. Siku ya upasuaji nilimwambia Mungu kwamba nikiamka sitadanganya mtu tena, awe mteja, awe ndugu. Niliamka. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Wateja hawakunisumbua. Aliyenisumbua ni shangazi, dada ya baba, aliyenilea Sirisia baada ya mama kufariki. Alifunga na kuniombea mpaka akakonda, na nilipopona akaandaa ibada ya shukrani kanisani kwake. Nilifika Ijumaa kumsaidia kuchambua mchele. Tukiwa wawili jikoni akaushika mkono wangu, akaupeleka chini ya kwapa lake. Kulikuwa na uvimbe mgumu, mkubwa kama njugu mawe.

"Usishtuke," akasema. "Mimi siendi hosipitali. Wewe uliponywa na maombi, hata mimi nitaponywa. Jumapili utawaelezea vile ulitupa dawa."

Dawa nilitupa wapi? Nilikatwa titi, nikawekewa dripu zilizoninyoa hadi nyusi. Lakini shangazi alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba niliacha dawa, na kwa kuirudia habari hiyo alikuwa ameiamini mwenyewe. Nilibishana naye hadi mboga zikaungua. Hakusikia. Nikajua kwamba nikisimama Jumapili nikasema anachotaka, nitakuwa nimemzika kwa kinywa changu. Niliogopa, nakubali. Niliogopa kumpoteza, ama kwa uvimbe ama kwa hasira.

Jumapili nikapewa maikrofoni. Nikasema Mungu ameniponya. Vigelegele vikapigwa. Nikasema aliniponya kwa mikono ya daktari, kwa kisu na kwa dripu, na kwamba sikutupa hata kidonge kimoja.

Kanisani kwetu mtu akipotoka kwenye ushuhuda hakatazwi, anaanzishiwa pambio. Na shangazi ndiye kiongozi wa mapambio ya akina mama. Akaanzisha, kwa ile sauti yake ya kutikisa mabati, ngoma zikadakia. Wengine wangekaa chini. Mimi nilipiga makofi, nikaimba naye, nikacheza kidogo. Lilipoisha nikaendelea pale pale nilipoachia: "Kama nilivyokuwa nikisema, kuna kliniki." Akaanzisha la pili. Nikaliimba na hilo. La tatu pumzi zilimwishia katikati, nami nikaeleza yote: jinsi mtu anavyojipapasa, kwamba uvimbe unaweza kukaa bila kuuma, kwamba niliomba kila siku nikiwa kwenye foleni ya dripu na sikuona ugomvi wowote kati ya Mungu na sindano. Uvimbe wake sikuutaja.

Baada ya ibada alinipakulia chakula. Nilipoaga alikuwa amenipa mgongo, anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Nililia kutoka Sirisia mpaka Bungoma mjini. Hapo nikapangusa uso, nikajiambia kwamba heri anichukie akiwa hai, nikapanda gari la Kitale.

Jumatano asubuhi nikifungua duka, nilimkuta ameketi nje juu ya gunia, begi mapajani, kitambaa cha kanisani kichwani.

"Umeniaibisha mbere ya kanisa," akasema. "Sijakusamehe."

"Sawa, shangazi."

"Na sikukuja kukusalimia."

"Sawa."

Vidole vyake vilikuwa vinafungua na kufunga zipu ya begi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona mdogo.

"Wewe wakikukata, mimi nilikuwa nje nakuombea," akasema. "Sasa mimi wakinikata, ni nani ataniombea?"

"Mimi," nikamwambia, nikalifunga duka ambalo nilikuwa sijamaliza kulifungua.