Milamula ya Baba Mdogo Elipidius

Jumamosi ile niliamka kabla ya jogoo wa jirani, maana nilikuwa nakwenda kuona televisheni ikihamia kwenye simu.

Baba yangu mdogo, Elipidius Ndyamukama, ni fundi wa televisheni wa chuo kikuu kilicho mlimani juu ya senta ya Nyaishozi. Miaka kumi na mmoja iliyopita ndiye aliyefunga dishi kwenye paa la ofisi, akapanga ving'amuzi chumbani, akachimba mtaro wa mita mia nne na kulaza bomba la kupitisha waya hadi bweni la wasichana, kisha mtaro mwingine hadi la wavulana. Tangu hapo mvua ikipiga anapanda paa, panya wakitafuna anaunga. Bweni lina TV moja na wasichana mia na ishirini. Wapo wa mpira, wapo wa tamthilia. Wa taarifa ya habari ni mmoja tu, Joyness, na huyo hajawahi kushinda ugomvi wa rimoti hata siku moja.

Sasa chuo kimeamua waya huo utolewe. Televisheni itapita kwenye mtandao, na kila mwanafunzi atachagua chaneli yake kwenye simu au kompyuta, hata akiwa amejilaza kitandani. Niliposikia habari hiyo nilimsimulia kila mtu darasani. Halafu jioni nikamwona baba mdogo anakula ndizi na maharage, koleo lake la kukatia waya liko kando ya sahani, nikakumbuka: waya ukitoka, na fundi wa waya je? Mkuu wa chuo alikuwa amemwambia wazi kwamba mkataba wake unakwisha pamoja na chumba cha ving'amuzi, isipokuwa kama fundi wa mtandao ataandika kwamba anamhitaji.

Fundi huyo ni dada Rukia, mjukuu wa wenye duka la vitenge pale Kayanga, ambao ukoo wao ulitoka Tanga. Alikuja na buti, hijabu ya kijani, na roli kubwa la faiba, waya mwembamba wa kupitisha mtandao. Yeye alikuwa anataka mtaro mpya, kazi ya wiki sita. Baba mdogo akasema bomba lake bado zima, faiba ipite humo humo.

"Sawa, fundi. Mchoro wa bomba uko wapi?" Rukia akauliza.

"Nimeupanda."

"Umeupanda?"

Baba mdogo akanyoosha kidole. Kutoka ofisini hadi bwenini ilisimama milamula mitano, kila mmoja kwenye kona ya bomba. Kwetu mlamula ni mti wa mpaka. Shina jembamba, majani marefu kama visu, na ukiukuta shambani hakuna atakayethubutu kuung'oa, maana ni sawa na kuiba ardhi ya mtu. Karatasi ingeliwa na mchwa. Pale penye mlamula, miaka kumi na mmoja, hakuna jembe lililoangukia bomba.

"Nimefanya kazi Mwanza, nimefanya Dodoma," Rukia alisema. "Sijawahi kupewa ramani yenye majani."

Kazi ikaanza. Walifunga ncha ya faiba kwenye ncha ya waya wa zamani, wakazungusha utepe, kisha upande wa bwenini wakaanza kuvuta wa zamani nje. Yaani waya unaofukuzwa ndio unaomwingiza mrithi wake. Wavutaji walikuwa vijana wa chuo, mbele yao Dastan, kiongozi wa wanafunzi.

"Dastan, vuta kama unavyovuta shuka asubuhi ya kipindi cha kwanza," msichana mmoja akasema dirishani.

"Wewe endelea kusema. Mtandao wako utakuja wa mwisho."

Kona ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu, waya ukagoma. Walivuta wanne, wakavuta saba, haukusogea hata inchi. Rukia akatazama saa. "Ikifika saa kumi haijapita, naandika mtaro mpya," alisema kwa upole. Wote tulijua hapo anaandika nini kingine.

Mlamula wa tatu uko ukingoni mwa shamba la bibi Eustadia, jirani wa chuo. Chini yake baba mdogo alijengea kishimo cha matofali kwa ajili ya kona. Akanyanyua jembe afukue.

"Weka chini hilo jembe, Elipidius."

Bibi Eustadia alikuwa amesimama katikati ya migomba, kikapu chake cha maharage kichwani.

"Shikamoo, mama," baba mdogo akasema.

"Sipokei shikamoo ya mtu mwenye jembe kwenye mpaka."

"Mama, huu si mpaka. Ni alama ya bomba."

Bibi akakitua kikapu. "Si mpaka? Miaka kumi na mmoja nalima naishia hapa. Nilijua chuo kimenimegea hatua tatu nikanyamaza, nani atashtakiana na chuo? Kumbe ni wewe?"

Ndipo nikaelewa. Kwetu mlamula haupandwi kimyakimya. Jirani huitwa, na shahidi husimama. Wakati ule wa kuchimba, baba mdogo alikutana na mwamba, akalipitisha bomba kwenye pembe ya shamba la bibi, akapanda mti akiwa na haraka. Alijiambia atamwambia bibi kesho, na kesho hiyo haikufika.

Rukia akamnong'oneza, "Si tufukue tu, muda unakwenda?"

"Hapana," baba mdogo alisema. Akalaza jembe, akachuchumaa mbele ya wanafunzi wote. "Mama, nilikosa. Nilipanda bila kukuita. Ardhi ni yako."

Bibi akamwashiria ainuke. Kisha akapaza sauti kumwita mzee Ambrose wa ng'ambo ya barabara, aje awe shahidi. Alipofika, bibi akafungua pindo la kitenge, akamgawia kila mtu kahawa ya kutafuna, kama inavyotakiwa watu wakipatana.

"Kwetu hii tunainywa," Rukia akasema, huku anatafuna.

"Ndiyo maana mna haraka," bibi akamjibu. "Haya. Bomba libaki chini, mimi nitalima juu. Mti nendeni mkaupande panapostahili."

Walipofukua, tulikuta mizizi ya mlamula wenyewe imeingia kwenye kishimo na kuubana waya. Baba mdogo aliikata kwa panga, akapiga mluzi, na Dastan akavuta. Waya ukateleza hadi vijana watatu wakaanguka chali.

Saa kumi kasoro dakika nane bweni lilikuwa hewani. Nilikimbia ndani. Kila kitanda kina chaneli yake, mpira huku, tamthilia kule, na Joyness amejikunja pembeni na simu yake, anatazama taarifa ya habari mpaka mwisho, mpaka hali ya hewa.

Nje, Rukia alikuwa ameketi juu ya roli tupu na daftari lake wazi.

"Bomba la bweni la wavulana linapita wapi?" akamuuliza baba mdogo.

"Lina milamula sita."

"Ina mashahidi?"

Baba mdogo akakuna kichwa. "Miwili inao."

"Basi Jumatatu anza na majirani," Rukia alisema, huku anaandika. "Mimi na faiba tutakukuta Jumanne."