Kilomita Tatu Kutoka Barabarani

Bibi yangu hajawahi kufika kijijini kwa mamake, Gujarati, India. Alizaliwa Tanga, akaolewa Tanga, akazeekea Toronto, ghorofa ya kumi na moja, Thorncliffe Park. Lakini kijiji hicho alikisimulia kana kwamba jana tu ametoka kununua bizari huko, nami nilikuwa namkatiza kila mara. Watu walikuwa wangapi? Treni ilisimama wapi? Kuhesabu watu kwa vichwa anaona ni nuksi, kwa hiyo alinijibu kwa moshi. Kukiwa na harusi, alisema, kijiji kizima kinaalikwa na hakuna nyumba inayowasha jiko, hata mpita njia asipoona moshi anajua kuna sherehe. Siku za kawaida mamake alihesabu moshi arobaini. Nikamwambia moshi si takwimu.

Majira ya baridi yalipoanza, alisema anataka kwenda. Mara moja tu, kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Mama aliona ni ndoto za uzee, akanipa mimi kazi ya kumtoa huko, kwa kuwa ndimi mbishi wa nyumba.

Nikatafuta mtandaoni. Kijiji kilikuwepo, na hilo lilinishangaza kuliko nilivyotaka ionekane. Ulikuwa ukurasa mfupi: idadi ya watu kutoka sensa ya zamani, stesheni iko mji wa jirani, basi moja la asubuhi na moja la jioni, nalo linashusha abiria barabara kuu. Kutoka hapo hadi kijijini, kilomita tatu. Nilimsomea polepole, nikitafsiri, nikingoja akate tamaa. Niliongeza kwamba watu wote wale wangeenea kwenye jengo letu na nafasi ingebaki.

Akauliza swali moja tu. "Hizo kilomita tatu, ni kama kutoka hapa hadi wapi?"

Nilijibu kwamba ni mbali kuliko duka la nyama analopelekwa kwa gari. Kwenda kwenye lifti tu alikuwa akipumzika mara moja, mkono ukutani. Nikadhani yamekwisha.

Kesho yake nilimkuta koridoni amevaa raba za mama, tasbihi mkononi. Nje barafu ilikuwa imeganda, akataka nipime korido ili afanyie mazoezi humo. Kwenda na kurudi, mita tisini. Kilomita tatu zikawa safari thelathini na tatu na kidogo, na tasbihi yake ina punje thelathini na tatu. Nikapima upya, maana vitu vinavyolingana hivyo huwa navishuku. Sikumwambia kitu; angesema ni ishara. Akakokotoa mwenyewe, akacheka. "Profesa, mbona umenyamaza?"

Tasbihi nikaishika mimi, nisiyeswali, ili mkono wake mmoja ushike fimbo na mwingine ushike bega langu. Wiki ya kwanza tulifika punje nne. Alitembea akitaja nyumba moja moja kwa harufu ya mlangoni: hapa wanakaanga vitunguu, hapa dengu zimeungua, hawa leo hawapiki, wana nini? Kufikia mwezi wa pili tulikuwa punje kumi na tisa, na jirani mmoja wa Kiafghani akawa anatuwekea kiti nje ya mlango wake.

Jumapili moja akaanza kuchechemea. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, naye anaendelea tu. Sikuweza kumtazama. Kwenye safari ya ishirini na nne nikavuta punje mbili kwa mpigo, na tulipofika mlangoni kwetu nikatangaza ishirini na tano, hajawahi kufika hapo, inatosha kwa leo.

Alinyoosha mkono, akaichukua tasbihi, akairudisha punje moja nyuma.

"Ishirini na nne," alisema. "Na mimi nahesabu. Ukinipunguzia hapa, mwanangu, kule nitaachwa njiani."

Nikamwomba radhi. Akakaa kidogo kwenye kiti cha jirani, akasugua goti, kisha akanirudishia tasbihi na kushika bega langu. Tukaanza tena kuelekea lifti, kidole changu kikiwa juu ya punje ileile.