Picha ya Pili ya Mlima

Mtaani walimwita Kidevu Juu, na jina hilo alilipata kwa haki. Miaka nenda miaka rudi alisimama nyuma ya kamera katika studio ya mjomba wake, chumba chembamba kilichobanwa kati ya kinyozi na fundi saa, akiwaambia watu maneno yale yale: kidevu juu, masikio yaonekane, usicheke. Wenye vyeo vyao na wasio na chochote, wakishakaa kwenye kile kigoda wote walitii. Pazia jeupe nyuma, uso katikati, mabega yamekatwa sawasawa. Picha za pasipoti angeweza kuzipiga amefumba macho.

Lakini moyo wake haukukaa chumbani mle. Kila siku ya mapumziko alipanda basi liendalo mbali kuliko mengine, akarudi na mabonde, mito na barabara za vumbi zinazopotelea kwenye ukungu. Alitaka kula kwa picha hizo, na hakuona haya kulisema. Mjomba alimsikiliza huku akipangusa lenzi.

"Mpwa wangu," alimwambia, "mlima hauhitaji pasipoti. Hauendi popote."

Mwishowe wakapatana. Macho ya mjomba yalikuwa yameanza kuchoka, na alitafuta wa kumwachia funguo za studio. Kama lile jarida la safari ambalo Kidevu Juu alilipelekea picha zake lingemchukua, funguo angepewa binamu yake. Lisipomchukua, funguo ni zake, na hadithi za milima ziishie hapo. Alikubali upesi, kama mtu ambaye mzigo wake umeshafungwa.

Jarida likamjaribu. Mhariri wa picha, mama mpole mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alimtuma kwenye mlima ulio nyuma ya mji, ule ambao kila mwenye kamera ameshaupiga. Kidevu Juu akaenda, akangoja anga litakate. Aliwasubiri wakata nyasi wapite, na akamwomba mchungaji kwa adabu asogeze mbuzi wake pembeni. Picha zikatoka safi, hazina doa.

Mhariri alizitandaza mezani, akavaa miwani, akazipitia moja moja. Kisha akacheka kidogo.

"Binti yangu, huu mlima umeupiga pasipoti."

Kidevu Juu akainama kutazama. Kweli tupu. Anga jeupe nyuma kama pazia, kilele katikati, mabega yamekatwa sawasawa. Hata mbuzi kawafukuza, kama anavyowafukuza watoto wa wateja wasiingie kwenye picha. Akacheka naye, ingawa ilimchoma. Mhariri akamweleza kwamba ukurasa unafungwa Jumatatu: alete nyingine, la sivyo atampa mtu mwingine.

Jumamosi alirudi mlimani, na mvua ikamkuta huko. Kila alipoinua kamera, mkono ulikipeleka kilele katikati wenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Akajibanza chini ya jabali, akiukasirikia mkono wake.

Hapo ndipo alipozikumbuka picha za pili. Studioni, akishampiga mteja, humwambia, "Haya, tumemaliza, asante." Mabega ya mteja hushuka, pumzi hutoka, uso humrudia mwenyewe. Wakati huo huo naye hubonyeza tena, kimyakimya, kwa kujifurahisha tu. Picha ya kwanza watu waliipeleka ofisini. Ya pili, wakiiona, waliiomba wakaitundike sebuleni.

Mvua ilipokatika alikunja miguu ya kamera, akaining'iniza kamera shingoni, akafunga mkoba, akasema kwa sauti, "Haya, tumemaliza, asante."

Mkata nyasi mmoja aliyekuwa akitoka mafichoni alimuuliza anaongea na nani. Alimjibu kuwa anaongea na mteja.

Kisha akageuka taratibu. Wingu lilikuwa likiteleza kutoka bega moja la mlima, kama khanga inayoanguka. Maji yaling'aa kwenye makorongo, wakata nyasi walikung'uta mizigo yao, mbuzi wakasambaa watakavyo. Kilele kilikuwa kimeegemea pembeni kabisa, kimeshusha pumzi. Akakiacha huko huko, akabonyeza.

Jumatatu mhariri aliipokea picha. Alivua miwani, akaitazama picha kwa muda, akamuuliza kama anaogopa kusafiri kwa mashua, maana safari ijayo ni ya visiwani. Kidevu Juu akamwambia mashua ndiyo iogope.

Jioni aliiweka picha mbele ya mjomba, juu ya meza ya studio. Mzee aliisogeza karibu na taa, akaitazama kama anavyotazama uso wa mtu.

"Umeuambia nini huu mlima?"

"Niliuambia tumemaliza."

Mjomba akacheka. Akazichomoa funguo mfukoni, akaziweka mezani zimngoje binamu, na mabega yake yakashuka. Kidevu Juu alikuwa bado na kamera kifuani. Akabonyeza.